Maswali ya wadau wa gemu: profaili, renki na nguo za wapiganaji

Wadau mambo vipi. Safari hii meseji zenu karibu zote zimeangukia sehemu moja, magemu ya kupigana ya mtandaoni, na humo humo mnauliza profaili, renki, rangi, nguo, jina, yani kila kitu isipokuwa kombo zenyewe. Sawa, tunaenda na mlichotaka. Zile za "naomba njia ya kupata koini bila kulipa" nimeziacha zilale huko huko.

SWALI: Mkuu, mi na washkaji zangu wawili tuko chuo Dodoma, tunatengeneza gemu la kupigana la simu, watu wawili wanakutana kwa intaneti wanazichapa. Kupigana kwenyewe kuko poa ila profaili ya mchezaji ina picha, jina na kashinda ngapi kapigwa ngapi, basi. Tumewapa watu wajaribu, wengi wanacheza siku moja hawarudi. Tuongeze nini? Na skini, yani nguo na rangi za wapiganaji, tuanzie wapi, hela ya mchoraji hatuna.

JIBU: Hongereni sana wadogo zangu, na nianze na hiyo ya kashinda ngapi kapigwa ngapi maana mi nahisi ndo inayowakimbizia watu. Mtu mpya anaingia, anakutana na waliozoea, anakula kichapo mechi sita mfululizo, akifungua profaili anakuta 0 kwa 6 na kila atakayepangwa naye anaiona. Sa huyo kesho atarudi kufanya nini? Hiyo hesabu ipelekeni ndani, kwenye ukurasa anaoufungua mwenyewe akitaka kujikagua. Kule nje, kwenye kile kikadi kinachotokea kabla mechi haijaanza, wekeni vitu vinavyomsaidia mpinzani kuamua anaikubali mechi au anaipiga chini, na ana sekunde chache tu za kuamua kwahiyo msimjazie.

Mtandao ndo kitu cha kwanza watu wanakiangalia. Magemu haya yanakwenda fremu 60, yani picha 60, kwa sekunde na ngumi ya haraka kwenye Tekken inatoka ndani ya fremu 10, yani sehemu ya sita tu ya sekunde, sasa mpinzani akiwa kwenye waifai ya jirani inayopanda na kushuka, hata kama gemu lina ile mbinu ya kurudi nyuma fremu kadhaa na kusahihisha, utamuona jamaa yuko hapa ghafla yuko pale na wewe tayari uko chini. Street Fighter 6 na Tekken 8 zote zinakuonyesha mapema kama mtu kachomeka waya au yuko waifai. Nyie gemu lenu ni la simu, waya hamna, basi onyesheni waifai au data, na pingi, yani muda wa taarifa kwenda kwa mpinzani na kurudi, iwe kwa namba, sio kidoti cha kijani peke yake, maana kijani cha Dodoma kwa Dodoma na kijani cha Dodoma kwa Kigali sio kijani kimoja.

Renki ifungeni kwa mpiganaji, msiifunge kwa akaunti nzima. Mtu kapanda hadi juu na Ryu wa Street Fighter, siku moja anaamua kujifunza Zangief, lile jibaba la kukumbatia na kubwaga, sasa ukimpeleka huko na renki ya Ryu atapigwa hadi alichukie gemu, na wale anaokutana nao watakuwa wanashinda mechi ambazo hazina ladha. Street Fighter 6 iliyotoka Juni 2023 kila mpiganaji ana renki yake, ukimchukua mpya unapimwa kwa mechi 10 ndo unapangiwa pa kuanzia. Tekken 8 ya Januari 2024 nayo renki ni ya mpiganaji, afu pembeni wameweka namba moja ya jumla wanaiita Tekken Prowess, inayokuambia huyu mtu kwa ujumla wake ni mzito kiasi gani hata kama mpiganaji aliyemshika leo ni mgeni kwake. Hiyo namba ya pembeni mi naipenda sana, inazuia watu kujificha.

Na kuna kitu Street Fighter 6 wamekipatia kwelikweli. Ukishafika Master, daraja la juu, na mpiganaji wako hushuki tena, umefika umefika, ila hapo hapo unapewa namba nyingine inayoanzia 1500 na hiyo ndo inapanda na kushuka kila mechi. Yani heshima yako haiguswi lakini ukweli wa kiwango chako bado unaonekana. Kaeni mlifikirie hilo kabla hamjapanga ngazi zenu, watu wengi wanaacha kucheza wakishapanda daraja kwa sababu tu wanaogopa kushuka, wanabaki wanaiangalia ile beji.

Kwenye kikadi cha Street Fighter 6 kuna pia alama ya M au C, yani mpinzani anatumia vitufe vya Modern, ambavyo mapigo maalum yanatoka kwa kitufe kimoja, au Classic ile ya kuzungusha dole gumba. Mapigo ya kitufe kimoja yanapunguzwa nguvu hadi asilimia 80 lakini yanatoka fasta, kwahiyo ukiona M unajua kabisa kuruka ruka ovyo leo kutakugharimu. Kama na nyie mmeweka njia ya mkato ya aina hiyo basi isemwe wazi, isiwe siri ya mtu.

Asilimia ya kukimbia mechi iwepo, hili halina mjadala. Ila mnajua wenyewe huku kwetu umeme unakatika, bando linaisha katikati ya raundi ya tatu, bimkubwa anapiga simu, sasa mkihesabu tangu mtu ajiunge mtawachafua wasio na kosa. Hesabuni mechi 50 za mwisho tu, mtu akitulia anasafishika mwenyewe.

Namba ya simu jamani. Najua mnatumia namba kumuingiza mtu kwenye akaunti maana huku ndo rahisi, ila isionekane popote, wala isitumike kama utambulisho wa mchezaji hata kama mmeficha tarakimu tatu za katikati, mpeni namba nyingine ya gemu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya wana ya kwao ya 2019, na kwa hapa Tanzania anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwa Tume, kwahiyo mkishaanza kupata watu wa kweli mjue hilo linawahusu. Mtu akitaka kuandika anatoka Mbagala au Kisauni aandike mwenyewe, msimchukulie kwa GPS.

Afu kuna cheo, yale maneno mafupi chini ya jina. Hapa ndo mnaweza kuwapita hata wakubwa, maana vyeo vyao vimeandikwa kwa Kiingereza na havimgusi mtu wa Kariakoo. Kanga bila maneno pale chini hainunuliwi, na profaili nayo ni hivyo hivyo, watu watacheza usiku kucha kutafuta maneno ya kumrushia mwenzao. Msivitoe kwa kushinda tu. Mtu anayewachota miguu wapinzani kila dakika apewe "Mzee wa Kufagia", aliyekubali kurudiana mara kumi na mtu anayempiga apewe "Sikomi", anayejikinga raundi nzima "Ukuta wa Chokaa", na yule wa kushinda akiwa amebakiza damu kiduchu "Bado Nahema". Salamu za kabla na baada ya mechi nazo ziwe za kuchagua, msiweke sehemu ya kuandika chochote, matusi yataanza siku ya kwanza na nyie hamna watu wa kuyafuta. Wekeni "Umeweza", "Tena", "Mtandao wangu leo pole", "Leo huna lako". Inatosha.

Skini: anzeni na rangi, bure kabisa. Street Fighter II ya 1991 watu wawili mlikuwa hamuwezi kumchagua mpiganaji mmoja, ikaja Champion Edition ya 1992 ikaruhusu, na ili msichanganyane mmoja akapewa nguo za rangi nyingine. Mortal Kombat ya kwanza, 1992 hiyo hiyo, Scorpion wa njano, Sub-Zero wa bluu na Reptile wa kijani ni picha zile zile za mtu mmoja zimebadilishwa rangi tu, na watu wakatokea kuwapenda kama watatu tofauti hadi leo. Kwahiyo kila mpiganaji wenu mgawanyeni vipande, shati, suruali, mkanda, glavu, kilemba, afu mchezaji ajichagulie rangi ya kila kipande. Inayotumwa kwa mpinzani ni namba chache za rangi, sio picha, kwahiyo hamli bando la mtu na gemu halinenepi. Tahadhari moja tu, msiruhusu nyeusi tii kwenye uwanja wa usiku, na zile cheche za pigo kuingia na pigo kuzuiwa zibaki na rangi zake kwa wote, hizo mchezaji asiziguse.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mchezaji wa Likoni. Kuna watu wanawavalisha wapiganaji wao mabawa, mapipa, sijui samaki mgongoni, hata sioni mguu unatoka wapi. Hii ni haki kweli? Na mbona kwenye magemu mengine nguo zinaongeza nguvu?

JIBU: Kaka hayo ni mambo mawili, na la pili ndo baya zaidi.

La mabawa ni usumbufu wa macho. Mpiganaji ametengenezwa ili ukiona bega limeshuka ujue teke linakuja, sasa mtu akifunika bega na kiuno kashakunyang'anya nusu ya taarifa. Mi nadhani dawa sio kuwakataza watu kuvaa, maana Tekken bila mtu aliyevaa kituko sio Tekken, dawa ni kila gemu liwe na kitufe kwenye mipangilio cha kumuona mpinzani wangu kwa nguo zake za kawaida, yeye kwenye skrini yake ajione na samaki wake, mimi nimuone na suruali. Hakuna anayeumia hapo. Soulcalibur VI ya 2018 ilienda mbali zaidi, unamuumba mtu wako mwenyewe na urefu na unene unabadilisha, na hapo sio macho tu tena, mwili ukibadilika na sehemu ya kupigika nayo inabadilika.

La nguo kuongeza nguvu, mfano mzuri ni Injustice 2 ya 2017, ile ya akina Batman na Superman. Ukivaa kofia au deraya inakuongezea nguvu, ulinzi, damu. Ukicheza peke yako ni raha tupu, kila siku una kitu kipya cha kufungua, lakini kwenye mechi za renki ilibidi hizo namba zizimwe, la sivyo anayeshinda ni aliyecheza masaa mengi au aliyebahatika na masanduku ya zawadi. Waliotengeneza ni wale wale wa Mortal Kombat, na walipokuja na Mortal Kombat 11 mwaka 2019 wakawa wamejifunza, vifaa vikabaki vya sura, na nyongeza za nguvu zikaachwa kwa mechi za kucheza na mashine.

Street Fighter 6 wamekata mzizi kabisa. Mtu wako wa kujitengenezea, mwenye shingo ya twiga na mikono mirefu, yupo, na nguo anazovaa na leveli yake vinampa nguvu kweli, ila ana sehemu yake ya kupigana na wenzake wa kujitengenezea, kwenye renki haingii. Kule renki ni akina Chun-Li tu na nguo zake hazimuongezei hata tone. Kwahiyo ukiona gemu la simu linakuuzia silaha ya kuongeza pigo afu linakupanga na mtu asiyekuwa nayo, wewe cheza kwa kujifurahisha ila usiseme umepigwa kwa sababu hujui kucheza.

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Mimi ni mzazi niko Morogoro, kijana wangu ana miaka 13 anataka nimpe hela anunue nguo za mtu wa kwenye gemu. Nikamuuliza gemu si nimeshanunua? Anasema hizi zinauzwa tofauti. Ni kweli au naibiwa?

JIBU: Shikamoo mama. Ni kweli zinauzwa tofauti, hajakudanganya kijana, ila ujue jinsi zinavyouzwa ndo uamue.

Hawakuuzii nguo kwa hela ya kawaida, wanakuuzia kwanza koini za gemu, afu koini ndo zinanunua nguo, na vifurushi vya koini huwa havilingani na bei ya nguo. Nikupe mfano ulioleta kelele nyingi. Agosti 2023 Street Fighter 6 walileta nguo za wale kobe wanne wa katuni, kila kobe koini 750. Kifurushi cha 750 hakipo. Kuna cha 250, cha 610, cha 1250, na kikubwa kabisa 2750. Sasa kijana akiwataka kobe wote wanne anahitaji 3000, kwahiyo hata ukimnunulia kile kikubwa kabisa bado anapungukiwa 250 na utarudi dukani. Ukipiga hesabu inakaribia dola 60, yani bei ya gemu lenyewe jipya lilipotoka. Na hizo nguo zilikuwa za yule mtu wa kujitengenezea tu, wapiganaji halisi hawavai. Tekken 8 nao waliuza gemu Januari 2024, mwezi mmoja baadae wakafungua duka la nguo ndani ya gemu, wateja wakaja juu maana wakati wananunua duka halikuwepo.

Ushauri wangu mama, usimuunganishie kadi yako kwenye akaunti yake. Kwa M-Pesa unaweza kutengeneza ile kadi ya Visa ya mtandaoni, unaweka kiasi unachotaka kitumike na sio zaidi, na kwenye PlayStation au simu weka nenosiri la kununua ambalo unalijua wewe. Afu muulize, hiyo nguo haipatikani kwa kucheza? Nyingi zinapatikana. Street Fighter 6 nguo ya pili ya kila mpiganaji wale wa mwanzo unaipata bure ukikuza urafiki naye hadi ujae kwenye ile sehemu ya hadithi, na Tekken vitu vingi vya kupamba unavinunua kwa pesa ya gemu unayoipata kwa kupigana. Akikuambia hiyo njia ni ndefu, basi mwambie likizo ni ndefu pia.

SWALI: Jina langu la PSN, ile akaunti ya mtandaoni ya PlayStation, nilifungua nikiwa form two na sitalitaja hapa. Nataka kuingia mashindano naona aibu. Nifungue akaunti mpya?

JIBU: Usifungue mpya, utapoteza renki na nguo zote. Tangu Aprili 2019 Sony wanaruhusu kubadili jina, mara ya kwanza ni bure, mara zinazofuata dola 9.99 au 4.99 kama unalipia PS Plus, ile huduma yao ya uanachama. Magemu ya zamani zaidi yanaweza kusumbua kidogo kwahiyo soma onyo kabla hujabonyeza. Steam, lile duka la magemu ya PC, ndo rahisi, unabadili muda wowote. Na safari hii weka jina ambalo mtangazaji anaweza kulitamka mbele ya mama yako.

SWALI: Mwandishi, mi nina kibanda cha gemu Arusha, PS4 tatu, Tekken 7 ndo inaleta watu. Tatizo wateja wanapambana, huyu kamvalisha Jin wake leo, kesho anakuta mwingine kamvua kamuwekea kofia ya ng'ombe. Juzi nusu wapigane wa kweli. Nifanyaje?

JIBU: Pole bosi, ila nimecheka. Kwenye mashine moja wote mnatumia hifadhi ya mtumiaji aliyeingia, ndo maana mnavuana nguo.

Njia nyepesi, kila mpiganaji ana nafasi kadhaa za kuhifadhi mavazi, wagawie wateja wako wa kudumu, nafasi ya kwanza ya Jin ni ya fulani, ya pili ya fulani, ziandike kwenye karatasi bandika ukutani karibu na bei. Njia nzito kidogo, fungua mtumiaji tofauti kwa kila mashine afu wateja wa kudumu wagawanye kwa mashine, wa PS ya kwanza abaki ya kwanza. Usiwaachie waingie na akaunti zao binafsi maana watasahau kutoka na lawama zitakurudia wewe.

Na ujue shida yako Wajapani waliikuta zamani kwenye sehemu zao za kuchezea, mashine ni ya wote lakini kila mtu anataka mtu wake. Virtua Fighter 4 ilipoingia 2001 ukawa unanunua kadi, unaichomeka kwenye mashine, inakuletea jina lako, renki yako na vitu vya mpiganaji wako, ukimaliza unaondoka nayo mfukoni hadi sehemu nyingine kabisa na vitu vyako viko vile vile. Tekken 5 ya 2004 ikafuata na kadi yake, na hapo ndo kuwavalisha wapiganaji wa Tekken kukashika kasi. Kwahiyo hizi profaili zote tunazozijadili leo zilianzia kwa watu wa vibandani kama wewe, sio kwa watu wenye PS sebuleni.

Kadi hatuna lakini daftari unalo. Andika majina, mpiganaji wa kila mtu, na nani kampiga nani wiki hii, jumapili unalisoma kwa sauti. Mi nakuhakikishia kofia ya ng'ombe wataisahau, watakuwa wanagombania daftari.

SWALI: Niaje. Mimi ni msichana, niko Nairobi, nacheza Street Fighter 6. Nikiweka jina na avatar ya kike naletewa meseji za ovyo baada ya kila mechi, nikiweka ya kiume hakuna anayenisumbua. Nijifiche tu? Na pia, hao watengenezaji wanatujua sisi kweli?

JIBU: Poa dada. Usijifiche kama hutaki, kwanza funga mlango. Kwenye mipangilio ya faragha ya PlayStation weka meseji zitoke kwa marafiki tu, hiyo peke yake inakata karibu kelele zote, na anayekutumia uchafu mripoti kabla hujamblokisha maana ukianza kublokisha utasahau. Ndani ya gemu lenyewe blokisha pia, ili usipangwe naye vyumbani. Jina la kike libaki kama unalipenda. Mkenya mwenzako Sylvia Gathoni, mnayemjua kama QueenArrow, aliandika Queen hapo hapo mbele ya jina na mwaka 2018 timu ya Marekani ya XiT Gaming ikamsajili kwa Tekken. Wako wanaokusumbua leo ambao hawatasajiliwa na mtu.

Kutujua, hapo mi nina maneno. Kuna mpiganaji Elena, yupo tangu Street Fighter III ya 1997, binti wa mfalme kutoka Kenya, na tarehe 5 Juni 2025 wamemrudisha kwenye 6. Ni mrembo, anapigana kwa miguu mitupu, ila mtindo wake ni capoeira, mchezo wa Brazili uliotokana na watumwa waliotolewa upande wa Angola na Kongo. Wakenya wana miereka, wana ngumi, wana michezo ya fimbo, na hicho ndo walichomchagulia. Mi namchukua hivyo hivyo, na ukimpaka rangi vizuri anapendeza, ila siku wakitengeneza mwingine wapige simu kwanza.

Kwenye kujitengenezea mtu wako ndo wamefanya vizuri zaidi, rangi za ngozi ziko nyingi, pua, midomo, urefu wa kila kiungo unavuta mwenyewe. Nywele ndo uchague taratibu, jaribu kila msuko huku mtu wako anatembea, maana kuna inayopendeza amesimama tu, akiruka ndo unaona inapita ndani ya bega.

SWALI: Nina PS4 nataka kuhamia PC. Renki na nguo zangu za Street Fighter 6 na Tekken 8 zitanifuata?

JIBU: Hapana. Na kwanza Tekken 8 haipo PS4 ndugu, ni PS5 kwenda juu, labda unachezea kwa mtu. Street Fighter 6 wa PS, Xbox na PC mnapigana pamoja bila shida, ila ulichonunua kwenye PS kinabaki PS na renki unaanza upya kule. Ukihamia PS5 hapo sawa, ni nyumba moja. Kwahiyo kama bado una koini zimelala kwenye PS4 usiongeze nyingine, malizia hizo, na mechi zako 10 za kupimwa kule PC zicheze siku mtandao umetulia.